Mkopo wa 401(k) au kuzitoa pesa kabisa? Mimi nachagua mkopo

Ukifanya kazi Marekani na una akaunti ya 401(k), yaani akiba ya uzeeni unayochangia kupitia mwajiri, ipo siku utabanwa na utaikumbuka. Mtu mwenye bili ya hospitali mezani hahitaji kuhubiriwa kwamba pesa za uzeeni haziguswi. Anahitaji kujua aziguse vipi.

Chukua mtu wa miaka 40 anayetaka dola 10,000 mkononi, na kiwango chake cha juu cha kodi ni 22%. Akizitoa kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu, analipa kodi hiyo na, mara nyingi, faini ya 10%. Ili abaki na 10,000 itabidi atoe karibu 14,700, na hapo sijagusa kodi ya jimbo.

Mkopo, yaani kujikopesha kutoka akaunti hiyo hiyo, ukiulipa kwa utaratibu, hauna kodi wala faini. Sheria inaruhusu hadi nusu ya akiba ambayo tayari ni haki yako, isizidi dola 50,000, na kwa kawaida unarejesha ndani ya miaka 5 kwa makato ya mshahara. Riba inaingia kwenye akaunti yako mwenyewe. Wapo wanaodai mkopo huu unatozwa kodi mara mbili. Deni lenyewe halitozwi mara mbili, kwa sababu ulipolipokea hukukatwa chochote. Ni riba tu, na hiyo ni kidogo.

Hasara iko kwingine. Hisa zikipanda, pesa ulizokopa hazipandi nazo. Kibaya zaidi, wengine husimamisha michango ili wamudu marejesho, wakaikosa na nyongeza ambayo mwajiri huweka juu ya michango yao. Huko ni kukataa sehemu ya mshahara wako!

Halafu kuna suala la kazi. Ukiachishwa, unaweza kudaiwa salio lote. Tangu mabadiliko ya kodi ya 2017, una hadi siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi za mwaka huo kulifidia. Ukishindwa, salio linahesabiwa kuwa umelitoa, na kodi na faini zinakufuata. Kwa hesabu bado hujamzidi kwa hasara yule aliyetoa zote tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba yeye alilipa akiwa na mshahara, wewe unadaiwa ukiwa huna. Kwa hiyo penye tetesi za kupunguza wafanyakazi, nasita.

Shida ikiwa ndogo, tangu 2024 sheria inaruhusu kutoa hadi dola 1,000 kwa mwaka kwa dharura bila faini, ingawa kodi ipo. Waulize kwanza wanaosimamia mafao kazini kwako, maana si kila mwajiri ameikubali njia hiyo, na wengine hata mkopo hawatoi.