Ng'ombe wa Katarikawe si wa Chagall

Jumamosi msongamano wa magari Lang'ata ulinikalia saa nzima, nikafika kwenye maonyesho nikiwa nimekunja ndita tayari. Kisha kijana anayetembeza wageni akasimama mbele ya picha ya ng'ombe ya mchoraji Jak Katarikawe, akatangaza: "Huyu ndiye Chagall wa Afrika." Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nikang'ata ulimi.

Chagall, yule mchoraji wa Ulaya aliyezaliwa Vitebsk, Urusi ya enzi hizo, naye aliwahi kuitwa Katarikawe wa Vitebsk?

Mzee Katarikawe alizaliwa Kigezi, Uganda, akahamia Nairobi, akaishi nasi hadi alipofariki 2018. Hakupitia chuo cha sanaa. Alikotoka, ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni chanzo cha ndugu kununiana miaka kumi. Ukiona ng'ombe wake wamekaribiana pua, usikimbilie Urusi kutafuta maana. Tafuta posa. Tafuta fitina!

Siku hiyo aliyeisoma picha ni askari wa mlangoni. Nilimwuliza, "Mzee, wewe waona nini hapa?" Akainamisha kichwa kidogo. "Hawa wawili washakubaliana. Yule wa nyuma hajapewa chake." Hajapewa chake! Nilicheka hadi kijana akanigeukia kwa jicho kali. Karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye maneno mazito kuhusu utambulisho, haikuwa na habari za yule wa nyuma.

Haya, nakubali shingo upande: jina la Mzungu hufungua pochi za watu. Na Chagall mwenyewe alichora ng'ombe na wapenzi wa kwao, kwa hiyo sina ugomvi naye.

Lakini mtazameni mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa hapa Nairobi, anayechora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mutuba la Waganda, na matundu yake huyaacha yaonekane. Kazi za Goya, mchoraji wa kale wa Hispania, anazijua vizuri. Hata hivyo alipopewa kumbi za maonyesho za Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, 2021, aliingia na wazee wake wa uchoraji wa Afrika Mashariki: Katarikawe, Elimo Njau, Theresa Musoke. London walitambulishwa kwa majina yao. Sisi huku, mwendo wa matatu moja, tunawaazimia babu wa kigeni.

Nilipotoka, askari alikuwa akikagua mikoba.

"Dada, yule wa nyuma ulimwangalia vizuri?" akaniuliza. "Atawaharibia arusi."