Joto la Aktiki: faida huhesabiwa kule, hasara huku

Wanaotilia shaka madhara ya kuyeyuka kwa barafu ya Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, wana hoja ambazo hazijibiwi kwa kuzomea. Septemba 2012 barafu ya baharini kule ilipungua hadi kilomita za mraba milioni 3.4, na wapo wanasayansi waliotabiri kwamba miaka michache tu baadaye kiangazi kingeikuta bahari tupu. Hawakupatia, hadi 2025 rekodi ile ilikuwa haijavunjwa. Tena, barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi kina cha bahari kwa kiasi cha maana.

Wanataja pia njia ya meli ya kaskazini mwa Siberia, inayofupisha safari ya Rotterdam hadi Yokohama kwa zaidi ya theluthi. Sawa, ila mwaka 2024 ilipitisha mizigo isiyofika tani milioni 40, mingi ikiwa gesi na mafuta ya Urusi yenyewe.

Kinachosahaulika ni Greenland, kisiwa kikubwa cha Aktiki. Barafu yake haielei, imekalia nchi kavu, na vipimo vya satelaiti tangu 2002 vinaonyesha inapoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kila mwaka. Ukizigawa baharini kote kina kinapanda kama robo tatu ya milimita kwa mwaka. Hapo ndipo watu hucheka.

Lakini bahari haigawi sawa. Mlima ule wa barafu ni mzito kiasi cha kuyavuta maji ya bahari kuuelekea. Ukipungua, mvuto unalegea na maji yanauhama: ndani ya kilomita 2,000 hivi kutoka Greenland kina kinashuka, na nyongeza inaangukia mbali, ikiwemo ukanda wetu wa tropiki. Mkulima wa viazi wa kusini mwa Greenland anayesema joto limemletea neema hadanganyi. Msimu wake wa kilimo umerefuka, na barafu hiyo inayoyeyuka haitamletea bahari mlangoni. Sehemu ya gharama yake inakuja Lamu, Unguja na delta ya Rufiji, kwa watu ambao hakuna anayewauliza Aktiki inawahusu nini.

Mwenye shaka atanikumbusha Pangani, ambako maji ya chumvi yamepanda mtoni na yana visababishi vingine, hasa mabwawa na umwagiliaji wa huko juu. Nakubali. Ila mto uliokwisha kupungua nguvu ndio unaoshindwa kwanza kuizuia bahari inayopanda, hata ikipanda kwa milimita.