Miaka 7 ile haikuwa uzembe

Kila ikizungumzwa akili mnemba, yaani kompyuta zinazoiga akili ya mtu, hapa Visiwani Zanzibar, wengi husema itungwe sheria yake upesi kabla mambo hayajaharibika. Anayeomba tungoje kidogo huonekana anawatetea matapeli. Hatendewi haki.

Tutazame pesa za simu. Nchini zilianza 2008, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikaja 2015. Miaka 7! Wapo wanaouita uzembe. Lakini Benki Kuu haikulala: iliyaruhusu makampuni kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, kwa sharti kwamba fedha za wateja zikae benki, mbali na fedha za kampuni. Kisha ikatazama zinavyotumika. Sheria ilipofika, mtu wa Darajani, Unguja, alikwishazoea kumrushia mama yake aliyeko Wete, Pemba, pesa ya mchele bila ya kutafuta abiria wa meli wa kumpa bahasha. Ingeandikwa 2008, ingeandikwa na watu waliozijua benki tu, na pengine muuza vocha asingeruhusiwa kushika pesa ya mtu.

Mwaka huohuo wa 2015, Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa Aprili ikaanza Septemba, Bara na Zanzibar. Kifungu cha 16 kimefunga pamoja uongo, upotoshaji na taarifa isiyo sahihi, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya haraka hutupa wavu mpana namna hiyo.

Wenye haraka watasema: leo sauti ya mtoto inaigwa kwa akili mnemba, mama akaambiwa "tuma pesa kwenye namba hii". Kweli, na inatisha. Ila kujifanya mtu mwengine kwa kompyuta ni kosa tayari, kifungu cha 15. Anachohitaji mama yule ni polisi wa kuifuatilia namba hiyo siku ileile.

Pahala pamoja nawaunga mkono. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa Zanzibar, haigusi mambo yasiyo ya Muungano, yaani yale ambayo Zanzibar hujiamulia yenyewe. Simu ni ya Muungano, afya siyo. Kwa hiyo usajili wa laini ya mgonjwa umo ndani ya sheria hiyo, lakini jalada lake la hospitali ya Serikali limebaki nje, na kulilinda ni kazi ya Baraza la Wawakilishi, linalotunga sheria za Zanzibar. Hilo halihitaji majaribio ya miaka. Siri ya ugonjwa tunaijua thamani yake tangu zamani, na majalada yanazidi kuingia kwenye kompyuta.