Adapta za chaja ya haraka: onyo la watengenezaji si wivu wa biashara tu

Mwenye gari la umeme akisoma onyo kwamba asitumie adapta (kiungo cha kuingiza plagi ya kituo cha kuchaji kwenye soketi ya gari yenye umbo tofauti) ambayo mtengenezaji hakuiidhinisha, wazo la kwanza ni kwamba hawa wanalinda duka lao. Simlaumu. General Motors ilipowafungulia wateja wake wa Marekani vituo vya kuchaji vya Tesla, adapta yake rasmi ilikuwa dola 225, kwa kipande cha plastiki na shaba unachokishika kwa mkono mmoja. Tena adapta ile haina akili yoyote ndani yake. Gari na kituo vinazungumza lugha moja, umbo la plagi ndilo linalotofautiana. Kwa nini basi mtu asinunue ya bei nafuu?

Wenye hoja hiyo wana ushahidi mwingine mzito. Oktoba 2024 Ford iliwaandikia wateja wake waache kutumia adapta zilezile ilizowapelekea yenyewe, kwa sababu zingeweza kupunguza kasi ya kuchaji kadiri muda unavyopita na hata kuharibu soketi ya gari. Nembo ya kampuni, kumbe, si kinga.

Hapo ndipo wengi wanaishia: kama hata rasmi zinaharibika, zote ni sawa. Mimi tukio hilo nalisoma kinyume. Kama kampuni yenye maabara na mawakili ilikosea kwenye kitu kinachoonekana rahisi hivi, basi kitu chenyewe si rahisi.

Tazama joto. Joto linalozaliwa kwenye kiungo cha umeme ni mraba wa ampea (kiasi cha umeme unaopita) mara ukinzani, yaani jinsi kiungo kinavyouzuia umeme huo. Tuchukue ampea 500, ambazo chaja kubwa za leo zinazifikia, na kiungo kizuri chenye ukinzani wa miliomu 0.2. Jibu ni wati 50: chuma cha lehemu cha fundi redio, kimewashwa ndani ya plagi. Na hiyo ndiyo hali njema. Springi ya pini ikilegea, au vumbi likaingia, ukinzani ukapanda hadi miliomu 1, joto linakuwa wati 250 palepale, na pini zinazobeba umeme huo ni mbili. Kila aliyewahi kuona plagi ya pasi ikigeuka kahawia kwenye soketi iliyolegea anaujua mchezo huu, ila pasi haifiki hata ampea 15.

Magari yana sensa ya joto kwenye soketi, na plagi nyingi za vituo zina ya kwao. Ukiweka adapta, kiungo kimoja kinakuwa viwili, na katikati kuna shaba na plastiki ambayo hakuna anayeipima. Adapta iliyotengenezwa kwa uangalifu ina sensa yake: ikizidi joto, inakata ishara na kituo kinasimamisha umeme. Ya bei ya kutupa inaweza kufanana nayo kwa nje hadi kwenye skrubu, bila sensa. Hiki ndicho kinachonisumbua kuliko vyote, kwamba kosa halionekani siku ya kwanza. Adapta itachaji vizuri mara thelathini, hamsini, na kila mara mwenyewe atazidi kuamini kwamba alitishwa bure.

Hata hivyo, "haikuidhinishwa na mtengenezaji wa gari" si sawa na "haikupimwa". Marekani kuna kiwango cha usalama cha UL 2252, cha adapta hasa, na kampuni zisizounda gari lolote zimepitisha bidhaa zao humo. Onyo linalozifumbia macho hizo linajipunguzia heshima.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu inabadilika. Magari ya umeme ya Nissan Leaf, ya mtumba kutoka Japani, yanakuja na soketi ya CHAdeMO, aina ya Kijapani; magari mengi yaliyoundwa kwa soko la China yana GB/T, aina ya Kichina; na vituo vingi vipya vinawekwa CCS2, aina ya Ulaya. Mwenye Leaf hana anasa ya kuchagua: bila adapta, kituo kilicho mbele yake ni pambo. Kumwambia asubiri idhini ya mtengenezaji ambaye hakulikusudia gari hilo lije huku ni kumfukuza kwa adabu. Kwa upande wa joto ana nafuu kubwa pia. Leaf huvuta kama ampea 125, robo ya zile 500, na robo ukiipigia mraba ni moja ya kumi na sita. Wati 50 zinashuka hadi kama 3.

Lakini adapta yake si kipande cha shaba tu. CHAdeMO na CCS2 havielewani, kwa hiyo ndani yake kuna kompyuta ndogo inayofanya kazi ya mkalimani, na mkalimani anaweza kukosea. Kisha kuna kufuli. Kwenye CCS2 ni gari linaloishika plagi isichomoke. Kwenye CHAdeMO kufuli iko kwenye plagi yenyewe. Ukiziunganisha, plagi ya kituo imeingia kwenye adapta, si kwenye gari. Adapta isipokuwa na kufuli yake, mtoto anaweza kuichomoa umeme ukiwa unapita. Na huu ni umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu bila kugeuka, wa volti mamia. Umeme wa nyumbani hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa DC haushuki: cheche inanyooka kuwa mwale wa moto unaofuata mkono.

Kwa hiyo, muuzaji wa Nairobi au Dar es Salaam akinitajia bei, nitamuuliza kwanza kinachoishika plagi ya kituo ndani ya adapta yake ni nini, kisha sensa ya joto iko wapi. Akinijibu kwamba wateja wote wanaitumia na hakuna aliyelalamika, adapta nitamrudishia.