Kabla ya Kumpigia Dawa Inzi Mweupe, Tuutazame Mmea Uliomlea

Inzi weupe wanapozidi makondeni mwetu, Unguja na Pemba, swali la kwanza linaloulizwa kwenye maduka ya pembejeo ni dawa gani ipigwe. Kwa maoni yangu swali hilo huja mapema mno, kwani wingi wa wadudu hawa hutegemea sana mmea waliokulia.

Ukiligeuza jani la bilingani utawakuta wa kila umri. Yai lina kikonyo kidogo mno kilichochomekwa ndani ya jani, na kwa kikonyo hicho hupata maji ya mmea hata kabla ya kuanguliwa. Mtoto akitoka hutambaa kidogo tu, na akishapata pa kuchoma mdomo hubaki papo hapo, bapa kama gamba, akifyonza utomvu mpaka atakapopata mbawa. Kwa kuwa hawezi kuhamia mmea mwingine, utomvu usiomfaa humchelewesha au humuua, na ule unaomfaa humkuza haraka. Kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua takriban wiki tatu katika joto la nyuzi 27 hivi, lakini kwenye bilingani muda huo kwa kawaida ni mfupi kuliko kwenye maharage. Tofauti ya siku chache haionekani kuwa kubwa, ila katika visiwa visivyo na baridi ya kuwasimamisha, siku hizo hujumlika na kuwa vizazi vya ziada ndani ya mwaka.

Mbolea nayo ina sehemu yake: mmea uliotiliwa urea kupita kiasi hutoa majani laini yenye naitrojeni nyingi, nao wadudu huyafurahia kuliko mwenye konde.

Jambo ninaloona linapuuzwa zaidi ni kwamba inzi mweupe huyu, ambaye wataalamu humwita Bemisia tabaci, si mdudu wa aina moja. Ni kundi la spishi ambazo kwa macho hazitenganishiki, na kila moja ina mimea yake. Utafiti uliofanywa Ivory Coast na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba inzi wa muhogo walistawi kwenye muhogo na bilingani, ilhali wale wa bamia, waliozoea mimea mingi mingine, walishindwa kwenye muhogo. Kwa hiyo mkulima anayeilaumu bamia ya jirani kwa batobato la muhogo wake, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe, huenda anaionea bure, huku matuta ya mabilingani aliyoyapanda mwenyewe pembeni yakiwalea wadudu hao. Tungule zina hesabu yao nyingine, kwa kuwa ugonjwa wao wa kujikunja majani huletwa na virusi tofauti.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba mbegu bora imemaliza kazi. Aina za muhogo zilizotolewa Zanzibar mwaka 2007, zikiwemo Kizimbani na Machui, zimewasaidia wengi, na mtu aliyekata muhogo wa futari akaukuta umeoza kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia hahitaji kuelezwa faida yake. Lakini kuhimili ugonjwa na kumkataa mdudu ni sifa mbili mbalimbali. Nchini Uganda imeonekana kwamba baadhi ya aina zinazostahimili batobato hubeba inzi weupe wengi sana, wakati zenyewe zinaendelea vizuri. Wadudu hao wakivuka mpaka wa konde kuingia kwenye muhogo wa kienyeji, hasara humwangukia jirani.

Ningependa mabwana shamba na mabibi shamba wetu, wanapoigawa mbegu mpya, wamweleze mkulima pia ni inzi wangapi huonekana kwenye majani ya juu ya aina hiyo, na wamshauri kuyaweka mabilingani mbali na muhogo. Kuhesabu inzi kwenye majani machanga ya kileleni, asubuhi kabla hawajachangamka, hakuhitaji maabara.