Radoni Arusha: tupime kwanza au tuzibue matundu?

Ishu ya kupima radoni ndani ya nyumba ikitajwa huku kwetu jibu linakuja fasta, aah hayo mambo ya Wazungu wenye baridi, sisi madirisha wazi kutwa. Mi naona wanaosema hivyo hawajakosea sana, ila wanaongelea nyumba za zamani.

Radoni ni gesi ya mionzi, haina rangi wala harufu, inatokana na urani, madini ya mionzi yaliyomo kwenye mawe na udongo, inapenya kwenye nyufa za sakafu. Nje inapotelea hewani, ndani inajikusanya, na ukiivuta miaka na miaka inaleta saratani ya mapafu, hasa kwa mvuta sigara. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, ikishindikana basi isivuke 300.

Sasa angalia nyumba zinazojengwa Njiro, Moshono au kule Shanty Town Moshi. Dirisha la alumini la kusukuma, dari ya jipsamu, na yale matundu ya hewa juu ya dirisha fundi ameambiwa ayazibe na saruji maana vumbi na mbu wamezidi. Ikifika Julai na kibaridi chetu, kuanzia saa 12 jioni kila kitu kimefungwa mpaka asubuhi. Na ndani kukiwa na joto kuliko nje nyumba inavuta hewa ya ardhini, yaani muda uleule ambao watu wamelala.

Kupima kwenyewe nako kuna mtego. Radoni inapanda na kushuka kila siku, kwahiyo mtu akipima siku mbili za Januari madirisha wazi akapata namba ndogo, asishangilie. Kuna kipimo kidogo cha plastiki, hakitumii umeme, unakiacha chumbani miezi mitatu au zaidi mbali na dirisha halafu maabara wanahesabu alama ambazo mionzi imeacha kwenye plastiki, hicho ndo cha kuaminika zaidi.

Ila hoja ya gharama siipuuzi. Mama anayepikia mkaa ndani ana moshi wa kushughulika nao leo leo, ukimwambia habari ya bekereli unamchosha bure. Hata mwenye nyumba ya jipsamu, kumwita fundi azibue matundu na kuziba nyufa za sakafu ni kazi ndogo na inasaidia bila kipimo chochote, kwahiyo kwa mjini mi ningeanza na hilo.

Minjingu ndo siwezi kusema hivyo. Kule barabara ya Babati kwenye machimbo ya fosfeti mawe yenyewe yana urani nyingi kuliko kawaida, matundu peke yake yanaweza yasitoshe na bila kupima hutajua. Tume ya Nguvu za Atomiki wana maabara hapahapa Njiro, vipimo vya kwanza vingepelekwa Minjingu, kwenye vyumba vya kulala na madarasa, Njiro yenyewe isubiri.