Dundu na dira iliyomo kichwani

Nimesoma kwa makini makala moja kuhusu utafiti wa shahada ya uzamivu unaochunguza jinsi ubongo wa wadudu unavyotumia macho kutafuta njia, na ningependa kumjibu msomaji aliyeuliza mdudu ana nini cha kutufundisha. Mwaka 2013, Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, na wenzake walionyesha kwamba dundu wa Afrika Kusini wanaoviringisha mavi hushika mstari ulionyooka usiku usio na mwezi kwa kufuata Njia Nyeupe, yaani ule mkanda wa mwanga hafifu unaokata anga. Walipovishwa vikofia vilivyowaziba wasione juu, walitangatanga. Nimewatazama mara nyingi kando ya zizi la ng'ombe: dundu husukuma donge lake kinyumenyume kwa miguu ya nyuma, kisha hulipanda, hujizungusha juu yake, hushuka na kuendelea.

Linalonigusa zaidi limo ndani ya kichwa. Nzi wa matunda, ambaye ubongo wake una seli za neva zipatazo 140,000 tu, ana duara la seli ambamo msisimko huhama kadiri anavyogeuka, mithili ya sindano ya dira; alama anazoziona huisahihisha, na hata gizani dira hiyo haizimiki mara moja. Natamani mwandishi wa makala hiyo angelieleza hilo kwa kirefu badala ya kukimbilia habari za roboti.